Wazee Wetu Mbele ya Hakimu: Kutafuta Nasaba ya Kasikeu katika Majalada ya Kale

Mtu wa Kasikeu anayetaka kuijua nasaba yake aghalabu huanza kwa susu, yaani bibi yake, naye susu humtajia majina matatu au manne ya waliotangulia, mbai yao, yaani ukoo wao mpana, kilima walikotoka wazee kabla ya kuteremka kulisha ng'ombe katika mbuga zinazopakana na Umasai, na pengine njaa fulani iliyowatawanya ndugu. Kisha hunyamaza, kwa kuwa hapo ndipo ilipokoma hadithi aliyoachiwa na mama mkwe wake. Hatua ya pili huwa kanisa, maana wamisheni wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, na baada yao vikafuata vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Lakini wazee waliokataa ubatizo, au waliobatizwa uzeeni kwa jina moja la Kizungu lisilofuatwa na la baba, hawapatikani humo. Iko hazina ya tatu ambayo wengi huipita kwa hofu au kwa haya, nayo ni madaftari na majalada ya mahakama.

Thamani yake inatokana na jambo jepesi. Wazee wetu wengi hawakuandika barua wala hawakuweka kumbukumbu za siku zao, na wale walioandika vitabu juu ya Wakamba, kama Hobley mwaka 1910 na Lindblom baadaye, waliandika juu ya kabila na mila zake, si juu ya fulani mwana wa fulani wa kijiji fulani. Mahakamani mambo yalikuwa kinyume. Pale mtu alipodai ng'ombe wake, au mahari yake, au mpaka wa shamba, karani aliyeketi kando ya meza hakuwa na haja ya kabila. Alitaka kujua jina la mdai na la baba yake, jina la mdaiwa na la baba yake, wametoka wapi, wanadaiana nini, na nani aliyeshuhudia. Kwa hiyo, na hili husemwa kwa kicheko ijapokuwa ni kweli, babu mgomvi ametuachia habari nyingi kuliko babu mpole, na ukoo ulioishi kwa suluhu miaka hamsini waweza kuwa haukuacha hata mstari mmoja.

Kasikeu, ambayo leo ni wadi ya eneo bunge la Kilome katika kaunti ya Makueni, iko baina ya vilima vya Mukaa na Kilungu upande mmoja na mbuga za Kajiado upande wa pili, na reli ya Uganda iliyopita hapo mwishoni mwa karne ya 19 iliiachia mji wa Sultan Hamud, uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja. Nchi ya mpakani ni nchi ya mashauri. Mifugo ilivuka kwenda Umasai na mingine ikavuka kuja. Walowezi walikata mashamba yao kandokando ya reli kuelekea Ulu na Konza, na ng'ombe aliyezoea kunywa maji mahali fulani akawa, kwa kalamu ya serikali, mhalifu aliyeingia katika ardhi ya mtu. Kodi ya nyumba ilidaiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kipande, yaani hati ya kitambulisho, kikafuata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sheria ya mwaka 1913 juu ya wizi wa mifugo na mazao ikaleta faini nzito zilizoweza kuukausha ukoo mzima. Kila moja katika mambo haya lilikuwa na daftari lake.

Lakini kabla ya kulitafuta daftari ni lazima kujua lilikuwa la mahakama gani, kwa maana mahakama za Ukambani zilijengwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka liliweka karatasi zake mahali pengine. Chini kabisa ni nzama, baraza la wazee, ambalo halikuandika kitu. Kanuni za mwaka 1897 ziliweka mahakama za wenyeji chini ya maofisa wa Kiingereza, na tangu hapo mashauri makubwa, kama mauaji na wizi wa nguvu, yalikwenda kwa mahakimu wa Kizungu, ilhali yale madogo ya mila yaliachiwa wazee wakisimamiwa na Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Mwaka 1930 ikatungwa sheria iliyoyapa mabaraza hayo ya wenyeji umbo la mahakama kamili, yenye wazee walioteuliwa, karani mwenye mshahara, ada na stakabadhi; mwaka 1951 yakabadilishwa jina yakawa mahakama za Kiafrika, na ngazi za rufaa zikapangwa upya, kutoka mahakama ya kwanza hadi mahakama ya rufaa ya Kiafrika, kisha kwa DC, na mwisho katika mahakama ya marejeo huko Nairobi; hata mwaka 1967, baada ya uhuru, sheria ya mahakama za mahakimu ikaufuta mfumo wote huo na kuleta huu tunaoujua. Basi mjukuu anayetafuta shauri la mwaka 1938 katika mahakama ya hakimu wa leo, akaambiwa na karani kwamba hakuna kitu, hakudanganywa: mahakama iliyosikiliza shauri lile haipo tena, na karatasi zake, zilizosalia, zilikwenda njia nyingine.

Kuna na mtego wa mipaka. Makueni ilimegwa kutoka Machakos ikawa wilaya mwaka 1992 tu, na atafutaye neno hilo katika orodha za kale atapoteza siku bure, au mbaya zaidi ataangukia majalada ya mradi wa kuwahamishia watu Makueni ulioanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo ni habari nyingine kabisa. Kasikeu ya wazee wetu ilikuwa Machakos, na Machakos yenyewe iliwahi kuhesabiwa katika jimbo la Ukamba, kisha Jimbo la Kati, kisha Jimbo la Kusini kuanzia mwaka 1953, na Mashariki wakati wa uhuru. Kitui ilikuwa wilaya mbali, yenye majalada yake. Katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi alama ya kutafuta ni DC/MKS kwa karatasi za DC wa Machakos, na kwa zile zilizopanda hadi kwa mkuu wa jimbo hutafutwa PC/CP na nyinginezo za namna hiyo. Isitoshe, karani wa zamani huenda akaandika Mukaa, au Kilungu, au jina la stesheni ya reli iliyo karibu, pale ambapo leo tungeandika Kasikeu. Yafaa mtafiti awe na majina ya majirani wote mkononi.

Nyaraka za Taifa zimo katika jengo lililokuwa Benki ya India, kwenye barabara ya Moi, karibu na sanamu ya Tom Mboya, mahali ambapo maelfu hupita kila siku wakikimbilia matatu bila kujua kwamba huenda jina la babu yao limo ghorofani. Idara hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na sheria husema kwamba karatasi za serikali zilizotimiza miaka 30 ziko wazi kwa raia, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Mwananchi huja na kitambulisho, hulipa ada ndogo ya mwaka, hutafuta nambari ya jalada katika orodha, hujaza karatasi ya maombi, na kungoja mhudumu alilete. Hapana haja ya kuwa mwanachuoni. Sehemu kubwa ya majalada ya mikoa na wilaya yalipigwa pia picha za filamu ndogo zilizopelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani, na mjukuu wa Kasikeu anayeishi ng'ambo ile aweza kuyafikia kwa njia hiyo kabla hajapata nauli ya kuja nyumbani.

Sasa tulitazame daftari kwa karibu. Daftari la madai la baraza la wenyeji lilikuwa kitabu kikubwa kilichopigwa mistari ya wima: nambari ya shauri, tarehe, mdai, mdaiwa, kinachodaiwa, ada, hukumu, na siku hukumu ilipotekelezwa. Tuchukue mstari wa mfano, usio wa mtu yeyote: Mutua wa Nzioka anamdai Kioko wa Mbithi ng'ombe jike mmoja na uzao wake, aliyewekwa kwa baba wa mdaiwa wakati wa njaa. Kwa mtu apitaye haya ni maneno makavu, lakini mjuzi wa mila ya Wakamba ataona humo nyumba mbili zilizokuwa na urafiki tangu kizazi kilichotangulia, maana mfugo haukabidhiwi kwa adui. Ataona kwamba baba wa mdaiwa amekwisha kufa, kwa kuwa anayedaiwa ni mwana. Na ataona kwamba mdai hakuwa na budi kuleta mashahidi waliomjua ng'ombe yule, na mama yake, na ndama zake, wakisimulia uzao wa mnyama sambamba na uzao wa watu. Penwill, aliyekusanya habari zake wilayani Machakos na kuchapisha kitabu juu ya sheria ya mila ya Wakamba mwaka 1951, ni msaada mkubwa hapa, kwa sababu anaeleza istilahi ambazo karani aliziacha katika Kikamba bila tafsiri, kama ng'undu, shamba la ukoo lililorithiwa, na kisesi, malisho ambayo mtu mmoja amejitengea katika weu, yaani mbuga ya wote.

Majina nayo yana fitina yake. Wakamba humpa mtoto jina la babu yake, kwa hiyo Mutua wa Nzioka huzaa Nzioka wa Mutua, naye huyo huzaa Mutua wa Nzioka mwingine, na mtafiti mwenye haraka huweza kumvisha babu kesi ya mjukuu, au kumfanya mtu mmoja aishi miaka mia na ishirini. Pamoja na hayo kalamu ya karani haikuwa na imla moja: Musyoka huandikwa Musioka au Musoka, na jina lenye sauti ya Kikamba ambayo karani wa kabila lingine hakuizoea hugeuzwa lifanane na lile analolijua. Dawa ni kutotegemea jina peke yake. Mbai ikitajwa, iwe Atangwa, Aombe, Anzauni au nyingine, iandikwe. Jina la utui, yaani kijiji, jina la chifu wa lokesheni, jina la mzee aliyesimama kumdhamini, yote yaandikwe. Maana majirani wa mtu hubadilika polepole kuliko tahajia ya jina lake. Na ushahidi uliomo humo, msomaji akumbuke, ulisemwa kwa Kikamba, ukapita kwa mkalimani, na mara nyingi ukatua katika Kiingereza cha ofisi, basi asishangae akimsikia babu yake akinena kama karani wa posta.

Kwa hakika madaftari mengi ya mahakama za chini hayakusalia, au yamesalia kwa vipande, na hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote: fuata rufaa. Shauri lililoishia kwa wazee liliacha mstari mmoja katika daftari ambalo huenda limeliwa na mchwa. Lakini aliyeshindwa akikataa hukumu na kwenda kwa DC, ililazimu mwenendo wote unakiliwe, na DC akaandika maoni yake, na kama jambo lilipanda kwa mkuu wa jimbo, nakala ikapanda nalo. Kadiri shauri lilivyopanda ndivyo karatasi zilivyozaana, na ndivyo nafasi ya kusalimika ilivyoongezeka. Mwaka 1945 serikali ilichapa taarifa ya Arthur Phillips juu ya mabaraza ya wenyeji katika Kenya nzima, na anayeisoma hupata kuelewa jinsi mabaraza hayo yalivyofanya kazi, kabla ya kujitosa katika majalada yenyewe.

Mashauri machache yalipanda hata yakaingia katika vitabu vya taarifa za sheria, ambavyo huanzia mwaka 1897 na ambavyo maktaba za sheria zinavyo. Mashuhuri kuliko yote kwa Ukambani ni lile la Serikali dhidi ya Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, la mwaka 1932. Watu 70 walishtakiwa kwa kumuua mwanamke aliyetuhumiwa uchawi. Wao walijiona kuwa wametekeleza king'ole, hukumu ya kale ya jamii juu ya mtu aliyekithiri kwa madhara, na Mahakama Kuu ikawaona ni wauaji. 60 wakahukumiwa kunyongwa, na mwishowe gavana akawaondolea hukumu ya kifo. Mwanahistoria Katherine Luongo ameliandikia shauri hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya uchawi na utawala wa kikoloni. Lakini acheni wanasheria na wanahistoria wajadili uchawi. Mtu wa nasaba atazame ile orodha. Watu sabini wa nchi moja, waliokusanyika siku moja kwa jambo moja, na kwa desturi ya makarani kila mmoja akitajwa kwa baba yake: ni sensa ya ujirani ambayo hakuna ofisa wa kodi aliyewahi kuiandika vizuri hivyo. Kadhalika katika shauri lolote la jinai, mshtakiwa ni mtu mmoja na mashahidi ni kumi, na uwezekano wa kumkuta babu yako miongoni mwa wale kumi ni mkubwa kuliko wa kumkuta kizimbani. Wanaoogopa kufungua majalada haya wasije wakakuta aibu, aghalabu hukuta mzee aliyekuja kusema alichokiona.

Wanawake ni fumbo zaidi. Mwaka 1917, katika shauri la Serikali dhidi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba ndoa ya mila si ndoa mbele ya sheria ya ushahidi, na kwa hiyo mke aliyeolewa kwa mila alilazimika kutoa ushahidi juu ya mumewe kama mtu baki. Uamuzi huo uliwaelemea wanawake kwa muda mrefu, na unamhusu mtafiti kwa namna ya pekee: akimkuta bibi yake ameandikwa bila ya kuitwa mke wa mtu, asidhani kwamba hakuolewa, ni kalamu iliyokataa kumtambua. Mahali ambapo wanawake hutokea waziwazi ni katika madai ya mahari na katika mirathi. Mahakama za Machakos na Makueni hadi leo huuliza, katika mashauri ya urithi, kama mbuzi wa ntheo walipelekwa, kwa kuwa pasipo ntheo ndoa ya Kikamba haihesabiwi kuwa imefungwa. Na huwasikiliza pia watoto wa iweto, mwanamke aliyeolewa na mwanamke asiyejaliwa mwana ili nyumba yake isifungike. Katika jalada moja la mirathi huweza kupatikana wake wote wa marehemu kwa utaratibu wa nyumba zao, watoto wote walio hai na waliokufa, mashamba, na kiapo cha chifu kuthibitisha yote hayo. Nasaba ya vizazi vitatu imekwisha kuchorwa na wakili, tena imeapiwa.

Njia ya kuyafikia majalada hayo ya mirathi ni Gazeti Rasmi la Serikali. Gazeti hilo lilianza kutolewa mwaka 1899, na matoleo yake, ya kale na ya sasa, yanasomwa bure katika intaneti. Humo hutangazwa maombi ya kusimamia mali ya marehemu, kwa jina lake, mahali alipokaa, siku aliyofariki, jina la mwombaji na uhusiano wake, na nambari ya shauri pamoja na mahakama. Sheria ya urithi inayotumika sasa ilianza kazi tarehe 1 Julai 1981, na tangu hapo matangazo ya watu wa vijijini yameongezeka sana. Mwenye nambari ya shauri hana haja ya kubahatisha: aende masjala ya mahakama iliyotajwa, iwe Machakos, iwe Makueni, iwe Kilungu au Makindu, aombe jalada lipekuliwe, alipe ada yake, na achukue nakala iliyothibitishwa.

Yako mambo ambayo mahakama haikuyaona kabisa, na kuyatafuta huko ni kujisumbua. Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kwenda Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa ng'ombe kwa kisingizio cha kulinda ardhi, hakusimamishwa mbele ya hakimu. Alihamishiwa Lamu kwa amri ya serikali, na habari zake zimo katika barua baina ya Nairobi na London, ambazo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza hutafutwa kwa alama CO 533. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ndonye wa Kauti, mtabiri wa mwaka 1922, aliyepelekwa pwani. Wakati wa Hali ya Hatari mambo yaligawanyika: walioshtakiwa mbele ya mahakama maalumu, ambamo watu 1,090 walinyongwa, wana majalada, na David Anderson aliyatumia kuandikia kitabu chake cha mwaka 2005, lakini maelfu waliofungwa Manyani na kwingineko bila kushtakiwa wana amri ya kizuizi tu, ikiwa ipo. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya dhidi ya Serikali ya Uingereza huko London, ndipo ilipobainika kwamba majalada mengi yalichukuliwa wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park. Sasa yamo katika alama FCO 141. Mengine yalichomwa moto, na maofisa waliagizwa wahakikishe kwamba hata majivu yamevunjwavunjwa.

Kuna na ukimya wa namna nyingine. Wazee waliposhindwa kuukata ushahidi, mdai au mdaiwa aliweza kula kithitu, kile kiapo kikuu cha Wakamba ambacho mwenye kuapa uongo hujiletea mauti yeye na wa nyumbani kwake. Hapo karani aliandika neno moja, kwamba kiapo kimeliwa, na hukumu ikafuata. Nani aliogopa, nani alirudisha ng'ombe usiku kabla ya siku kufika, nani alikufa mwaka ule na watu wakanong'ona, hayo hayamo. Kwa sehemu hiyo mtafiti hana budi kurudi kwa susu, safari hii akiwa na tarehe na majina mkononi, na mara nyingi susu aliyekuwa amenyamaza hufunguka, kwa sababu ameulizwa juu ya ng'ombe fulani na mtu fulani badala ya kuulizwa juu ya zamani.

Tena si kila mzee alibaki Ukambani. Njaa kuu ya Ngomanisye, ya mwaka 1898 na 1899, iliwatawanya watu hata Ukikuyu na pwani, na hata kabla yake Wakamba walikuwa na makao Rabai na biashara Mombasa. Aliyepotelea huko, akasilimu, akaoa au akafa, atafutwe kwa makadhi na maliwali, na katika madai ya ardhi yaliyosikilizwa chini ya sheria ya hati za ardhi za pwani ya mwaka 1908. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zina majalada ya mirathi ambayo Elisabeth McMahon aliyatumia kueleza maisha ya watumwa walioachwa huru Pemba, watu ambao kwa nasaba walidhaniwa hawana historia. Waingereza wenyewe wameweka mashauri ya Old Bailey ya London, kuanzia mwaka 1674 hadi 1913, karibu mashauri 200,000, wazi kwa mtu yeyote mwenye simu, na yule aliyeiba leso London mwaka 1780 anapatikana kwa dakika moja. Sisi tungali twapanda ngazi na kujaza karatasi.

La kuhofia zaidi ya ngazi ni sheria ya kuteketeza. Sura ya 14 ya sheria za Kenya huziruhusu mahakama kuondoa majalada yaliyokwisha muda wake, na jambo hilo ni la lazima, kwa maana masjala zimejaa hadi mlangoni. Lakini halifanywi kwa siri. Mahakama inayokusudia kuteketeza hutangaza katika Gazeti Rasmi, ikitaja aina za mashauri na miaka yake, kwamba baada ya miezi mitatu itamwomba Jaji Mkuu ruhusa. Matangazo hayo husomwa na wachache mno, na ukoo wenye shauri la zamani katika mahakama za Ukambani ungefanya vyema kumwachia kazi hiyo kijana mmoja mwenye simu na subira. Tangazo lenyewe husema pia kwamba mwenye haki juu ya kielelezo chochote kilichowekwa mahakamani, iwe ni barua ya mkono, ramani ya shamba, stakabadhi ya mahari au picha ya marehemu, sharti adai ndani ya muda huo, kabla jalada halijateketezwa.